Mbuzi ya Karani

Bijana ba biashara hapa Butembo banapenda kuniita ku semina zabo. Banatuma mutu wa pikipiki, ananibeba pole pole kwa sababu magoti yangu inauma, kisha bananikalisha ku kiti ya mbele sawa askofu. Mwalimu wa semina ni mutu wa kusoma sana. Ku tableau anaandika maneno tatu: kuuza, kupanga, kuajiri. Anageuka, anasema: "Mama, utupe mashauri, weye umeona mingi." Nimeona mingi, ndiyo. Mbele nakunywa soda yangu, juu sitarudi ku nyumba bila kuikunywa.

Juu ya kuuza niko na la kusema. Samaki ya chumvi uiweke karibu na mulango. Mutu anayekuja kununua sabuni atapita pale, harufu itamukumbusha kama ku nyumba hakuna mboga. Bikwembe, bitambaa bya banamuke, bikae nyuma kabisa, juu mwanamuke anapenda kutembeza macho kwanza, na ukimuharakisha anaenda kwa jirani. Na matabishi, ile kidogo ya kuongeza, umupatie mutu mbele aiombe. Akishaiomba, haiko matabishi tena, ni matata. Ile ya matabishi si akili yangu. Niliifunza kwa mutu moja, na nitafika kwake.

Juu ya kupanga pia niko na la kusema. Akiba haiozi, bazee balisema, na chumvi pia haiozi. Barabara ya Kasindi ikiwa wazi, nunua chumvi. Ikikaa wazi muda murefu, nunua zaidi, juu kwetu hapa barabara ikikaa wazi muda murefu ni kusema kuna mutu njiani anakuja kuifunga. Mi nimefungiwa barabara na baasi, batu ba bunduki, ba kila rangi: bale ba nyuma ya uhuru, na bale ba siku za karibu, na bengine benye hata jina yabo sikushika. Bijana banaandika. Mwalimu anasema: "Na kuajiri, Mama?" Hapo nakawia.

Nyuma ya uhuru, muzungu mwenye duka ku Beni alifunga masanduku yake, akaenda. Bwana yangu alikuwa amemuuzia maharagi na kahawa miaka mingi, donc ile duka ilimuangukia yeye. Siye ni batu ba Butembo. Bwana yangu alibaki na depo hapa, mi akanituma kule Beni na batoto yetu mbili, tukalala mu chumba cha nyuma ya duka. Yeye alikuwa anashuka na kamiyo, anatupatia bintu, anapanda tena. Sikuulizwa kama napenda. Wakati ule bibi hakuulizwa, na mi nilikuwa na hasira mingi lakini niliiweka kwa batu bengine.

Sasa ilibaki kutafuta karani. Muache niseme namna ya kwetu, juu bale bageni mu semina habaijue. Kwetu mutu akifungua duka, ukoo yote imefungua duka. Shangazi anakuja kusalimia, anaenda na sabuni. Mujomba anapita tu hivi, kiu imemushika, anaenda na samaki. Haiko wizi. Ni salamu. Ukimukatalia, siku ya kilio yako nani atakubeba? Na kama karani naye ni mutoto wa hapa, unapokea bashangazi ba pande mbili, bako na bake. Niliona maduka mingi ya bandugu zetu yakifa vile, salamu iliyakula.

Bwana yangu alitunga sheria yake: karani awe mugeni. Mutu asiye na shangazi mu inchi hii. "Mugeni aje, mwenyeji apone," alikuwa anasemaka, akicheka pale ku meza. Na mi niliona eko na haki. Mpaka leo sijui namna ya kusema kama hakukuwa na haki, juu ile duka haikufa.

Karani wetu alimutoa ku bureau ya posta. Alikuwa mutu wa Leta, serikali ya Babeleji ndiyo ilimutuma kwetu kutoka mbali, kule ku muto mukubwa wa maji, ku batu ba Lingala. Nyuma ya uhuru barua ilipunguka, kisha haikukuja tena. Bakubwa yake balirudi kwabo. Yeye kila asubuhi alikuwa anavaa koti, anaenda kukaa nyuma ya meza, mukono juu ya mukono, anangoja mutu wa kumuuzia tembre ya barua. Bwana yangu aliingia pale siku moja kuuliza habari, akamutazama. Alirudi akaniambia: "Mutu anayekaa sawa sawa vile mbele ya kazi yenye haiko, ule ndiye nataka." Ile shauri ni ya bwana yangu na ni nzuri. Ukitafuta mutu wa kazi, haumutazame siku kazi iko mingi. Umutazame siku kazi haiko.

Karani alikuja na sanduku moja na fero ya makaa ya kunyoosha nguo. Mwembamba, shingo ndefu, Mukristu wa kuomba mbele ya kula hata akila ndizi moja. Swahili yake ilikuwa ya "hapana" tu. Hapana jua, hapana ona, hapana taka. Kinande, luga ya kwetu, bwana yangu alimukataza kabisa kujifunza: "Ukijua Kinande, batakuomba mu Kinande, na roho itakuuma." Basi ndugu ya bwana yangu akija na bilio yake ya kuomba, karani anatabasamu tu: "Mi hapana sikia, muzee." Ndugu anaenda mukono mutupu, na hasira yake haina pa kuangukia. Duka ilinona.

Ni yeye alianzisha ile matabishi ya mbele. Mwanamuke ananunua chumvi, karani anaongeza kidole moja ya chumvi juu, kabla ule mama hajafungua kinywa. Mi nilimugombeza. Akaniambia: "Mama patron, mutu akiomba, anapata haya. Mutu akipata haya hapa, hapana rudi." Nilimuacha. Nyuma ya mwezi moja balikuwa banapita maduka mengine mbili kuja kwetu. Na alikuwa ananichokoza, juu alijua niko mutu wa kukasirika. Nikiamuka vibaya anawaambia bakiliya: "Leo muzungumuze polepole, Mama patron hapana lala." Batu bananunua na kucheka, na mi nashindwa kushika hasira.

Kisha alianza kuja binti moja wa Beu, kijiji ya kando ya Beni. Alikuwa anakuja kununua chumvi kidogo, ya kufunga mu jani. Kesho amerudi. Kesho kutwa amerudi. Nilimuuliza karani kama ile nyumba banakula chumvi sawa ng'ombe. Alitazama chini, akanyoosha bikwembe byenye bilikuwa bimenyooka tayari.

Kwetu bwana-arusi hajipeleke. Baba yake na baba bakubwa bake ndio banapeleka mbuzi. Mbuzi ya kwanza, ile ya kufungua mulango, ikiingia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya baba ya binti, banaichinja, na bandugu bote ba ule baba banakula, kila mutu na sehemu yake: huyu mukono, huyu mbavu, huyu kichwa. Kuanzia siku ile ule kijana ni mutu ya pale, hata kama mbuzi zingine zinabaki njiani. Kila mutu amemukula, donc kila mutu anamujua. Karani hakukuwa na baba hapa. Basi siku moja ya Mungu, Jumapili, alivaa ile koti ya posta, akamungoja bwana yangu pale kamiyo inasimama, akamuomba awe baba yake. Apeleke mbuzi kwa niaba yake. Mbuzi yenyewe yeye atanunua.

Bwana yangu hakukataa. Hakukuwa mutu wa kukataa batu mu uso. Alimuambia: "Ngojea kahawa ivunwe." Ile jioni tukikula, alinieleza, na alieleza vizuri sawa mwalimu wa semina. Akasema: "Nimetafuta mutu bila shangazi. Nikimuozesha hapa, nimemupatia bashangazi bote ba Beu kwa siku moja. Atajifunza Kinande mu kitanda. Bokilo yake, baba ya bibi, atapita kusalimia." Mi nilisema ndiyo, ni vile. Nikaongeza sombe mu sahani yake.

Kahawa ilivunwa. Bwana yangu alisema kamiyo ina ubovu, angojee kamiyo itengenezwe. Kamiyo ilitengenezwa. Akasema angojee Pasaka ipite. Karani alikuwa anasema "Ndiyo, patron" kila mara, na anarudi kupima chumvi. Binti alikuwa anakuja. Siku moja baba yake naye alikuja, muzee mufupi na kofia ya majani ya mukindo, akanunua musumari moja tu. Alikuwa anakuja kututazama. Alimutazama karani, akanitazama mi, akangoja kama kuna mutu ataongea. Hakuna mutu aliongea. Alienda na musumari yake.

Halafu baasi balianza kukaribia. Mbele ilikuwa habari ya mbali, kisha bakiliya balianza kununua chumvi mingi bila kuuliza bei, na hapo nilijua. Balikuwa banasema banatafuta batu ba Leta: bakarani, bamwalimu, kila mutu mwenye alishika kalamu ya Babeleji, na zaidi bageni, juu mugeni hajulikane moyo yake. Bwana yangu alikuwa huku Butembo. Barabara ilifungwa akiwa huku.

Mji wa Beni ulitoka kama maji inatoka mu kikapo. Kila ukoo ilienda ku mulima yake, mu mashamba yake, mu migomba. Na mu kila mulima bazee balikuwa banasimama ku njia na banauliza neno moja: huyu ni wa nani? Haikuwa roho mbaya. Kama baasi bangekuta mugeni wa Leta mu migomba ya batu, bangechoma nyumba zote. Mutu alipita kama alikuwa wa mutu. Bakwe balipita. Nilisikia juu ya mukwe moja, mwalimu wa mbali, bazazi ba bibi yake balimuvika matambara, bakamupaka udongo, akalima mihogo na bashemeji bake mpaka vita ikaisha. Balisema ni mutu yabo, na ilikuwa kweli.

Kwetu alikuja shemeji, ndugu mudogo wa bwana yangu. Alisema: "Funga mutoto ku mugongo, tunaenda." Nilisema: "Na karani?" Alimutazama kupitia mulango, pale anafagia. Akasema mu Kinande, juu karani hakisikie: "Ule ni mutu ya duka. Haiko mutu ya nyumba. Bazee balinituma kutwaa batu batatu, weye na batoto." Nilimuomba. Nilisema nitasema ni ndugu yangu. Akaniuliza: "Atajibu salamu ya bazee na luga gani?"

Niliingia mu duka, nikamuambia karani aende Beu, kwa baba ya ule binti, leo leo. Alisimama na ufagio. Alisema: "Mama, nitafika na nini? Mi hapana peleka hata mbuzi moja." Nikamuambia aende tu, haya ataiacha njiani. Akasema: "Duka hapana baki yenyewe." Nilikasirika, nilimutukana, nilimuambia duka haina roho. Alichukua kidole moja ya chumvi, akaifunga mu karatasi, akaitia mu mukono ya mutoto yangu mukubwa. Matabishi. Nilienda. Kule ku mulima tulikula ile chumvi na mboga ya porini, na nakumbuka nilikuwa natazama tu mboga. Sikuwaza neno hata moja.

Habari yake niliipata wakati basoda ba serikali balirudi na siye tukashuka. Jirani yetu, mama wa kuuzisha nyanya, alibaki juu alikuwa muzee na miguu ilimukataa. Ni yeye aliniambia. Baasi balikuta duka imefunguka na karani nyuma ya meza, mu koti. Bakamusimamisha mu soko mbele ya batu benye balikuwa bamebakia. Bakauliza: "Huyu ni wa nani?" Bote balikuwa banamujua. Kila mutu pale alikuwa amekula chumvi yake. Mais kumujua haikuwa jibu ya ile swali, na hakuna mutu alisema neno. Balimuuwa nyuma ya soko.

Bwana yangu alifika na kamiyo ya kwanza. Aliingia, akatazama meza tupu, mbao bametoa, hata misumari bametoa. Aliuliza: "Karani eko wapi?" Nilimuambia. Alikaa juu ya gunia tupu. Akasema: "Alikuwa karani muzuri." Nilitaka kumupiga na kitu, lakini hakukuwa na kitu mu ile duka. Nilianza kufagia. Sikulia ile siku, wala nyuma yake. Nilingoja machozi, nikaona haiji, nikaacha kuingoja.

Kesho yake alikuja ule muzee wa Beu na kofia yake. Hakukaa. Alisema karani alifika kwake mangaribi, mbele ya baasi kuingia, akasimama inje ya lupango, hakubisha hata hodi. Binti alimuona, akalia. "Nilitoka," muzee akasema, "nikaita bandugu zangu. Baliniuliza: huyu alileta mbuzi gani? Ningeweza kudanganya Leta. Ningeweza kudanganya baasi. Mais bandugu zangu, kila mutu anajua alikula nini. Hakuna mutu alikumbuka mukono, hakuna alikumbuka mbavu. Nikamurudisha." Alikuwa anasema polepole, anatazama bwana yangu, hakukasirika. "Nilikuja kwenu siku ile, nikanunua musumari. Nilikuwa nangoja neno moja tu."

Bwana yangu alitazama ukuta, pale misumari ilitolewa.

"Tulimuzika siye," muzee akasema. "Ku mulima yetu, kando ya migomba. Maiti haiulizwe mbuzi. Mais sasa bandugu zangu banasema tumezika mugeni mu udongo ya bankambo, bazee betu ba zamani, na udongo haimujue. Nimekuja kutwaa ile mbuzi."

Wakati ule mbuzi ilikuwa shida, juu basoda na baasi balikuwa bamekula zote. Bwana yangu alizunguka mpaka njia ya Oicha kuitafuta. Aliivuta yeye mwenyewe na kamba, kwa miguu, kupita mu soko, mpaka Beu, sawa vile baba anavuta mbuzi ya mutoto yake. Batu balitoka kutazama. Ilichinjwa, ikagawiwa: huyu mukono, huyu mbavu, huyu kichwa. Binti alileta chumvi, ile yetu, mingi, mu majani yenye alikuwa anaiweka tangu zamani. Hakuikula hata siku moja. Mi nilikula sehemu yenye balinipa. Ilikuwa nyama tu.

Bwana yangu alifungua duka tena, na akaajiri karani mwengine, mugeni, wa Kasai safari hii. Duka ikanona, tukafungua ya pili kule Kanyabayonga, na kama munanitazama pale ku kiti ya mbele, ni juu ya ile. Bwana yangu amekufa ku kitanda yake, muzee, na batu bengi balimubeba. Hatukuongea ile habari. Ile mwaka ya karani ya Kasai, kahawa ilikuwa ingali ku miti, nilimuuliza ule kijana kama hakuna binti amemuona. Alipata haya. Nilinunua mbuzi mi mwenyewe, nikaifunga ku mulango wa duka, pale pa samaki, bwana yangu ateremuke ku kamiyo aione. Aliiona. Aliifungua kamba, akaenda nayo kwa baba ya ule binti, hakuniuliza neno.

Basi mwalimu akisema "Na kuajiri, Mama?", najibu sawa vile ilivyo. Muajiri mugeni. Bashangazi watakula duka yenu, mugeni hatawapa. Mais mbuzi yake muipeleke mapema, barabara ingali wazi. Bijana banacheka. Banafikiri bibi muzee anataka arusi.

Mara ya mwisho kijana moja hakucheka. Alikuwa na bintu byake byote sawa, suruali yenye kunyooshwa, kalamu mbili. Aliinua mukono, akaniuliza kama ile mbuzi inawekwa mu gharama za kampuni. Nilimutazama shingo yake, ndefu sawa ile ya karani. Nikamuambia ndiyo, na aiweke ya kwanza, mbele ya chumvi.